Viti Kumi na Wiski za Nchi Nne

Elinaza, saa kumi na moja na robo jioni viti kumi vya kukodi vilikuwa uani kwangu hapa Bunju, na hakuna aliyekalia hata kimoja.

Nilialika ofisi nzima kuonja wiski. Nilizipanga kwa nchi, Ayalandi, Japani, India, Uskoti, kuanzia laini hadi ile yenye ladha ya moshi. Kila glasi na karatasi yake ya jina.

Saa kumi na mbili geti likagongwa. Nilikimbia. Ndiyo, mimi, nilikimbia.

Ni jirani yangu Mzee Twalib na mkewe, kajitanda kanga. Miaka mitatu hatujawahi kuvuka shikamoo na marahaba.

Mzee akaanza: "Pole sana mwanangu. Tumeona viti vinaingia. Nani katutoka?"

Nani katutoka, Elinaza!

Nikamwambia hakuna msiba, ni wiski. Mkewe akaangua kicheko: "Yaani viti kumi, unywe peke yako?"

Mzee akavitazama viti.

"Mie hiyo pombe siigusi. Lakini wageni wako hawajaja, eti?"

Nikasema hawajaja.

Akavuta kiti, akakaa. Mkewe akaenda kwao kuleta chai.