Maili Mia Tano na Arobaini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, uwanja wa ndege wa kusini

Jina: kazini nilijulikana kama Mama Ramani
Umri: miaka 68
Kazi: mstaafu, nilipanga safari za ndege kwa miaka 31
Makazi: nyumba za zamani za wafanyakazi, nyuma ya uwanja

Mnamo tarehe 19 mwezi huu, saa 3:10 asubuhi, mdogo wangu alinipigia simu akilia. Mwanawe, fundi wa ndege tunayemwita Spana, alikuwa amekamatwa. Nilimwambia anyamaze, kilio hakifungui mahabusu. Nikavaa viatu, nikaja kwa miguu.

Afande alinieleza kwamba tarehe 14 pampu mpya ya mafuta iliibwa katika stoo ya uwanja huu. Mtunza stoo anadai aliiona saa 3:30 asubuhi, na saa 4:10 haikuwepo. Katikati ya hapo, anasema, alimwona Spana mlangoni. Spana anasema alikuwa bado angani, akitoka uwanja wa kaskazini kwa ndege ya mizigo. Ndani walikuwamo yeye, rubani na masanduku.

Afande akanionyesha daftari la kutua ndege. Uwanja wetu ni mdogo, hivyo huliandika mtunza stoo yuleyule. Kaskazini wanathibitisha kwamba ndege iliruka saa 2:20. Daftari linasema ilitua saa 3:32.

Nilimuuliza kama rubani amehojiwa. Akajibu, "Daftari linatosha, bibi. Maandishi hayana ndugu."

Nikamwambia, "Yana mwandishi, mwanangu."

Nitaeleza polepole, na naomba iandikwe kama ninavyosema. Ubaoni ofisini, umbali kati ya viwanja hivi viwili umeandikwa 540. Hizo ni maili za baharini, ambazo marubani huzitumia hata juu ya nchi kavu. Maili moja ni mita 1,852, kwa hiyo umbali ni kilomita elfu moja. Ndege ile ya pangaboi hukata kilomita 450 kwa saa. Safari ni saa mbili na dakika kumi na tatu, upepo ukiwa shwari. Haiwezi kutua kabla ya saa 4:30.

Lakini anayedhani 540 ni kilomita atapata saa moja na dakika kumi na mbili. Aanzie saa 2:20, atafika 3:32 kamili. Saa hiyo hakuna aliyeitazama ukutani. Ilipigiwa hesabu.

Afande alirudia hesabu mara mbili kwenye simu yake, kisha akauliza nani angekosea hivyo.

Mtunza stoo nilimfundisha mimi kupanga safari, mwaka wangu wa mwisho. Aliniita mama. Kila mgeni wa kazi ile hukosea hapo wiki ya kwanza, tukamcheka, akajua. Yeye alihamishiwa stoo siku ya nne. Namba ile ubaoni niliiandika kwa mkono wangu, na sikuweka neno maili mbele yake.

Pampu sijui iko wapi, na simwiti mtu mwizi. Nasema saa ile imetungwa. Spana angekuwa mgeni kwangu ningesema vilevile, ila ningekuja nimechana nywele.

Hayo ndiyo niliyoyasikia, niliyoyaona na niliyoyahesabu mwenyewe. Nimesomewa, nimesahihisha sifuri moja, natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Yamechukuliwa nami, koplo wa zamu, saa 5:05 asubuhi. Nilimruhusu shahidi aende nyumbani. Amesema haondoki bila mwanawe Spana, akaketi kwenye benchi la nje. Saa 5:40 nimempata rubani kwa simu. Alitua saa 4:36. Mtuhumiwa nimemtoa mahabusu. Mtunza stoo ameitwa.