Chewa wa Ghuba Yetu

Kaka yangu,

Mguu unaendeleaje? Huku ofisini paa bado linavuja, na wiki hii nimehamisha chupa za samaki mara mbili. Mama alipiga simu, akaongea na mume wangu vizuri tu; nilipopokea mimi, akakata.

Barua yako nimeisoma. Kumbe yule chewa wa madoa ya buluu hukumvua nyumbani. Ulimnunua kwa wavuvi wa mbali, ukaniletea zawadi. Ungeniambia tu, kaka! Nilikuuliza umemvua wapi, ukacheka, ukasema, "Hapo hapo kwetu." Nami nikachomeka pini ghubani kwetu, kwenye ramani ya samaki wa nchi nzima, mahali pekee anapopatikana. Kwa pini hiyo moja serikali imewafungia bahari, msivue.

Jana nilimweleza mkuu wangu yote. Alinisikiliza, mzee wa watu, hata chai yake ikapoa.

"Kitabu cha ramani kimeshachapwa," akasema. "Kumwondoa samaki, lazima tuthibitishe kwamba hayupo."

"Tutathibitishaje?"

"Kwa kuvua pale mwaka mzima."

"Basi tuvue!"

"Pamefungwa, mwanangu. Kwa ajili yake."

Nikarudi mezani. Chewa wako yupo mbele yangu ninapoandika, ndani ya chupa, macho yamefanya ukungu. Kwenye kibandiko, pale pa kumtaja aliyemvua, niliandika jina lako kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Mimi mdogo wako