Alama za X kwenye Ukuta wa Pito

Pito, 11 Mei 2024

Mwanangu Salome,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Kipili, wewe na mumeo Basil, na kwamba kifua cha mtoto kimetulia. Mimi ni mzima. Baridi imeanza. Asubuhi navaa koti la mama yako juu ya langu, na hakuna wa kunicheka kwa kuwa naishia nalo uani tu.

Simu yangu imekufa. Ya jirani Adolfu sitaki kuiazima, maana ukiongea anasimama hapo hapo anasikiliza. Kwa hiyo barua hii nampa Jastin wa gari la dagaa.

Mvua zimeisha. Unajua kazi ya mama yako kila zikiisha: kuosha kuta za nje, kuanzia chini palipotapakaa tope, kisha kupaka chokaa. Mwaka huu kazi hiyo ni yangu. Jumatatu nilichukua ndoo na brashi yake, ile iliyolika upande mmoja kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Nikaanza kung'oa maboga aliyoyapanda Novemba, maana yalishapanda ukuta hadi dirishani. Chini ya majani nikakuta X nyekundu. Nikavuta mengine, nikakuta ya pili na ya tatu.

Sote tunajua X nyekundu ukutani maana yake nini. Mwezi wa tatu watu wa kupima barabara walipita mtaani, msiba wa mama yako ukiwa bado mbichi, nami sikuwa naangalia nje. Nimerudisha ndoo ndani. Nyumba ya kubomolewa huioshi.

Sijamuuliza mtu. Nikiuliza nitajibiwa.

Baba yako,
Clemens

Kipili, 15 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto sasa analala bila kukohoa.

Barua yako nimeisoma mbele ya vichanja vya dagaa na nikashindwa kuendelea na kazi. Basil amesema nije. Mwisho wa mwezi nitapanda na Jastin tubebe vitu kabla hawajaja na mashine. Usinyanyue kabati peke yako. Na tafadhali, baba, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umuulize.

Binti yako,
Salome

Pito, 22 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru Mungu kwa mtoto.

Kwa mwenyekiti sijaenda. Nilifika karibu na kwake, nikanunua chumvi, nikarudi. Magunia ya ulezi nimeyapeleka Kizwite kwa shangazi yako Stefania, naye amenitengea chumba.

Sasa maboga hayapo, na X zinaonekana hadi barabarani. Adolfu amekuja. "Pole sana, Clemens," akasema. "Na haya mabati utayafanyaje? Nauliza tu, yasije yakaharibika."

Nikamwambia, "Adolfu, bado nalala chini yake."

Akasema, "Basi sawa, nitasubiri."

Nilicheka alipoondoka. Sijacheka tangu Februari.

Kinachoniuma si matofali, mwanangu. Pale karibu na mlango, mama yako alipokuwa akikaa kuchambua maharage, ukuta umeng'aa kwa mgongo wake. Kwa shangazi yako kuna kuta nzuri za rangi ya maji ya bahari, lakini nitakuwa mgeni kwenye kila ukuta.

Baba yako

Kipili, 26 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, Jastin ameshawasha gari.

Nimekumbuka jambo. Krismasi nilipokuja, nilimkuta mama anazunguka nyumba na mwiko wa ugali, anagonga ukuta na kutega sikio. Nikamuuliza, "Mama, unampigia nani hodi?" Akasema, "Naipigia lipu. Ikijibu kama debe tupu, ujue imeachia tofali." Mimi nikaingia jikoni, alichofanya baadaye sikukiona.

Halafu fikiri, baba. Mwezi wa tatu maboga yalikuwa yameshafunika ukuta. Mpimaji gani angefunua majani, aandike X, kisha ayarudishe vizuri?

Chukua mwiko, ugonge.

Salome wako

Pito, 9 Juni 2024

Mwanangu Salome,

Habari za hapo na pole na kazi. Mimi mzima kabisa, hata chakula kinapita.

Jastin alinikuta nafunga godoro kwa kamba. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikachukua mwiko nikagonga X ya kwanza, ukuta ukajibu kama debe. Nikagonga pembeni, ukajibu kizito. Ya pili debe, ya tatu debe. Nikazunguka nyumba nzima nikigonga, mpaka Adolfu akaita kutoka kwake, "Clemens, kuna mtu humo?"

Nikamjibu, "Yupo. Ni mimi."

Rangi aliyotumia mama yako ni ile nyekundu ya mkanda wa chini ya kuta. Kopo nimelikuta ghalani, kijiti kimekaukia ndani. Nadhani alikuwa anasubiri mvua ziishe ndipo aniambie.

Baada ya hapo nikapata miguu ya kwenda kwa mwenyekiti. Amesema barabara inapita nyuma ya shule, na hao wapimaji kwangu walisimama kuomba maji tu.

Fundi Yusto amebandua lipu kwenye zile alama. Mchwa walikuwa wameshaanza njia kuelekea fremu ya dirisha. Amewaondoa na kupiga lipu upya. Mimi nikaosha kuta zote, nikapaka chokaa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza ilibaki na mabaka. Chini ya dirisha bado si sawa, kazi ya mama yako ilikuwa nzuri zaidi. Lakini jua likipiga, mtu anafumba macho.

Ulezi umerudi kutoka Kizwite. Usije na gari la mizigo. Panda basi, uje na mtoto, mkae mpaka mchoke. Godoro nimelifungua, na ile kamba nimeifunga nje iwe ya kuanikia nguo zenu.

Baba yako