Kwa Aikande Inapiga Vizuri Zaidi

Jumapili, 4 Mei 2025

Nyumba ya jirani imepata mpangaji. Mwanamke, yuko peke yake, mwalimu wa sekondari, kahamia kutoka Kidatu. Anaitwa Aikande. Nilikuwa nimekaa kibarazani baada ya misa nikaona mizigo inashushwa — kitanda, masufuria, mafungu ya vitabu. Halafu spika mbili ndefu, zinanifika kiunoni. Halafu amplifaya nyeusi, wanaume wawili wameibeba kwa uangalifu kama wamebeba mgonjwa.

Akaja kusalimia. "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba. Ila sijui. Hatupishani miaka mingi hivyo. Kuna shikamoo ya heshima na kuna shikamoo ya kukukumbusha kwamba umezeeka.

Jioni akaiwasha. Besi ikapita kama hakuna ukuta. Baba Fidelis alikuwa anakula. Aliacha kutafuna. Mume wangu namjua.

Alhamisi, 8 Mei

Leo sikuwa na wateja wengi, nikafunga cherehani mapema, nikaifuta vumbi amplifaya yangu. Naandika yangu, si yetu. Baba yangu, mzee Alfonsi, aliinunua kwa injinia mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, enzi hizo baba yuko Kidatu kwenye kiwanda cha sukari. Kabla hajafa alitamka mbele ya kaka zangu wote: hii ni ya Brigitha. Walinuna mwaka mzima.

Ni nzito kama gunia la mpunga. Ukiiwasha inanyamaza kwanza, inapiga "tak" ndani, ndipo muziki unakuja. Haifunikwi kitambaa, lazima ipumue. Ikishapata moto inatoa harufu fulani ya vumbi na shaba — harufu ya sebule ya baba. Upande wa kulia una kiburi. Unakata katikati ya wimbo mpaka uipige ubavuni kwa kiganja. Wageni wanadhani nina hasira nayo. Nimeizoea.

Na ndiyo iliyoniletea mume. Hili sijawahi kumwambia mtu. Baba Fidelis alikuwa kijana wa bendi, mpiga gitaa, akasikia kwamba kwa mzee Alfonsi kuna chombo kinachopiga kuliko vyote pale Kidatu. Akaja kusikiliza. Akarudi kesho yake. Mimi nilikuwa naleta chai. Alikuja kwa ajili ya amplifaya, mimi aliniona baadaye.

Leo ameniaga: anaenda mara moja kumsalimia mwalimu, ujirani mwema. Amerudi maharage yameshapoa. Macho yanang'aa.

"Kule unasikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, mama Fidelis. Unamsikia mpigaji anavuta pumzi."

Nikamwambia maharage yamepoa.

Jumapili, 11 Mei

Nimeenda mwenyewe. Nilivaa kitenge kipya, nikabeba ndizi mbivu ili nisionekane nimeenda kupeleleza.

Karibu sana dada, karibu dada, kiti hiki hapa. Nyumba safi. Hana mapambo mengi, ila hizo spika mbili zimesimama kama askari, na katikati ya sebule kiti kimoja kimewekwa kuzielekea. Kiti cha kusikilizia. Nikakikalia makusudi. Kilikuwa kimelegea upande mmoja — Baba Fidelis huegemea upande huohuo.

Akaweka wimbo wa dansi wa zamani. Sasa nifanyeje, hapa naandika kwa ajili yangu tu: ni kweli. Nilimsikia mpigaji anavuta pumzi. Nilisikia kijiti kinagusa shaba ya ngoma. Wimbo huo nimeucheza nyumbani tangu nikiwa msichana, na kumbe nusu yake sikuwa nimeisikia. Nikainama nikajifanya narekebisha kiatu.

Tulizungumza kidogo. Naye baba yake alikuwa kwenye sukari, walihamia wakitoka Same. Kumbe tumekulia hewa moja, moshi uleule wa mashamba ya miwa yanapochomwa. Aliniambia anapiga muziki kwa sauti kwa sababu nyumba ikiwa kimya hawezi kusahihisha madaftari. Mtu mpole. Ningependa awe na majivuno, ingenisaidia.

Halafu akaleta chai, vikombe vitatu — alidhani mwenzangu ananifuata nyuma. Akaangalia kile cha tatu, akacheka kidogo: "Hiki sikukitia sukari. Baba Fidelis si hatumii sukari."

Ni kweli hatumii. Ila nani kakwambia.

Ijumaa, 16 Mei

Ameenda tena. Jana pia. Anasema wanalinganisha nyimbo. Gitaa lake limetoka chini ya kitanda, limepata nyuzi mpya. Mimi nilimwomba alipige kwenye ubatizo wa mtoto wa dada, akasema vidole vimekufa. Kumbe vilikuwa vimelala tu.

Jioni nikaiwasha yangu kwa sauti ya juu. Upande wa kulia ukakata. Nikaipiga kwa kiganja, mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kubwa mchana, umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi kwa nguvu — taa yetu ya uani ikawaka nyeupe pe! ikapasuka. Yangu nilikuwa nimeshaichomoa. Baba alitufundisha hivyo, umeme ukikatika chomoa kwanza ndipo utafute mshumaa.

Aikande alikuwa shuleni kwenye vipindi vya Jumamosi. Hakuchomoa.

Alirudi akakuta sebule inanuka plastiki iliyoungua. Alikuja kwetu na viatu mkononi, kalowa, hakuweza hata kusalimia. Baba Fidelis akatoka mbio na bisibisi. Mimi nilibaki mlangoni nikasema pole. Nilisema pole kwa mdomo. Moyoni palikuwa na kitu chepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nilipika wali kwa nazi.

Jumanne, 20 Mei

Fundi Theodori ameifungua. Transista zimekufa zote, na kitu kingine ndani kimeyeyuka. Vifaa mpaka viagizwe Dar, na hana hakika navyo. Aikande amerudi nayo kwenye bajaji, ameipakata.

Usiku huu kwake kimya. Baba Fidelis anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyefiwa. Mwishowe, tukiwa mezani, akaanza kwa kuzunguka. Kwamba mwalimu hana ndugu hapa Ifakara. Kwamba ujirani ni kusaidiana. Kwamba ya kwetu siku nyingi imekaa tu.

"Ya kwetu?" nikamuuliza.

"Yako basi. Umwazime wiki mbili tu."

"Hapana."

"Ni redio tu, mama Fidelis."

"Kama ni redio tu, kaa hapa uisikilize."

Alichukua gitaa akaenda kukaa uani, lakini hakulipiga. Alilishika tu mapajani.

Alhamisi, 22 Mei

Simu kutoka Mngeta. Shangazi Serafina mpunga umemlemea shambani, mvunaji wake mmoja kaugua. Kesho naenda kumsaidia siku chache. Fidelis yuko bweni Mahenge, kwa hiyo nyumba inabaki na baba yake peke yake. Nimemwachia mboga. Sikumwachia maneno.

Jumatano, 28 Mei

Nimerudi. Nimeketi kitandani, mikono bado ina michubuko ya mpunga, sijaoga.

Nilishuka kwenye basi saa kumi. Nikafungua mlango. Kitu cha kwanza nilichoona ni meza. Juu ya meza pana mstatili mweusi, safi, usio na vumbi, na waya mbili zimelala hapo zikiangalia juu.

Hakuwepo. Sikuhitaji kuuliza yuko wapi.

Nilitoka kama nilivyo, na kapu langu mkononi. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yote. Ningesema mwizi. Ningesema, mbele ya majirani, kwamba baba yangu aliitamka mbele ya mashahidi. Nilifika dirishani kwake nikasimama.

Kwanza sikuitambua. Nilidhani ya kwake imepona. Ilikuwa inapiga ule wimbo wa dansi, na sauti imejaa, pana, mpigaji anavuta pumzi, pande zote mbili zinaimba bila kukata. Halafu nikasikia ile harufu ikitoka dirishani. Vumbi na shaba.

Ilikuwa ya baba.

Haijawahi kupiga hivyo kwangu. Miaka yote hii niliipiga ubavuni bure. Spika zangu ndizo mbovu! Panya walishazila pembeni, na waya wa kulia nadhani umeoza. Chombo kilikuwa kizima. Nimeishi nacho kama mtu anayeishi na mwimbaji na kumfunga kitambaa mdomoni.

Nilichungulia. Baba Fidelis amekaa kwenye kile kiti, gitaa mapajani, anafuata wimbo. Vidole havijafa hata kidogo. Aikande yuko sakafuni, ameegemea ukuta, madaftari yako pembeni hayajaguswa. Hawakugusana. Hawakutazamana hata. Wote wawili walikuwa wanaitazama amplifaya ya baba yangu. Ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya.

Sikubisha hodi. Nimerudi nyumbani na maneno yangu yote.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeichukua. Jana asubuhi, wote wako kazini; Aikande aliwahi kuniachia ufunguo, kwa kuniamini. Nilimwita mama Gladness wa nyumba ya pili tukaibeba. Sikumweleza kitu, naye hakuuliza, ila alikuwa ananiangalia.

Baba Fidelis aliporudi aliikuta mezani. Akasema, "Ningekuomba, ungekataa."

"Uliniomba. Nilikataa."

"Basi," akasema. Tangu hapo ni "naam" na "hapana". Analala ameelekea ukutani, upande wa jirani.

Nimeiwasha. "Tak." Upande wa kulia ukakata. Sasa nikiisikia naona aibu mbele yake, mbele ya chombo. Nimeizima.

Jumapili, 1 Juni

Nyumba mbili na zote kimya. Baada ya misa Aikande alinisubiri nje ya kanisa. Yeye ni Mlutheri; alikuja mpaka kwetu kunisubiri. Shikamoo dada. Akaniambia hakujua. Aliambiwa nimeridhia. Akaomba radhi, akasema ufunguo nibaki nao.

Nilimwamini. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Maana kama yeye hakujua, basi uongo ni wa mmoja tu.

Akasema amefikiri: spika zake hazina kazi, amplifaya yangu haina spika nzima. Azilete kwangu. Zikae kwetu, asikilize akija, nisipotaka asije. Nikamwambia nitafikiri. Nilimaanisha hapana.

Jumatatu, 2 Juni

Niko kwenye cherehani, naandika nyuma ya karatasi ya vipimo.

Amekuja nazo bila kusubiri jibu. Spika ya kwanza imeshaingia sebuleni. Sikumzuia. Nataka kuisikia, Mungu anisamehe, nataka kuisikia ikiimba ndani ya nyumba yangu. Nilimsogezea hata meza.

Ya pili iko mlangoni. Baba Fidelis ametoka uani kumpokea, mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu nirudi. Wameishika huku na huku, kona ya mlango ni nyembamba. Yeye anarudi nyuma, mwanamke anasukuma.

"Polepole, Anselim," akamwambia. "Kidole chako, Anselim."

Hakuna anayemwita hivyo. Kanisani ni Baba Fidelis, kazini kwake ghalani ni Baba Fidelis, mimi mwenyewe tangu nijifungue sijalitamka jina hilo. Aikande naye amesikia alichokisema. Spika iko kati yao, nusu ndani, nusu nje, na wote wawili wamenigeukia wananisubiri niwaambie waiweke wapi.