Madaftari ya Mama Syombua

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze hapa Mbumbuni Agosti ya 1993, na hasira yetu haijapoa. Wengine huandika katika matangazo ya kumbukumbu kama hili kwamba muda umewaponya. Sisi bado.

Uliachia shule darasa la nne, lakini kalamu hukuiacha. Mchana, wenzako wakijinyoosha kivulini, wewe ulikaa mlangoni na daftari magotini. Muthokoi wako wa mahindi na maharagwe uliungua jikoni mara nyingi, na Baba akaula hivyo hivyo, maana alijua ameoa mtu wa aina gani. Uliandika mvua imeanza lini, nani kajifungua, nani katukanana na nani kisimani. Mwaka wa njaa, themanini na nne, uliandika kila jirani aliyetugawia mahindi ya manjano, tusije tukajifanya tumesahau. Uliwaandikia barua akina mama ambao waume zao walikuwa Mombasa, na siri ya mtu haikutoka mdomoni mwako.

Ulituachia madaftari thelathini na mawili ndani ya sanduku la bati.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tukiwa tunawasindikiza wageni, ndugu yake Baba, Ndululu, alifagia chumba chako. Aliyabeba yote mpaka sokoni Kasikeu, akampa muuza ugoro awe anafungia bidhaa yake, naye akapewa kibati kimoja cha kunusa. Tuligundua mwezi ukiwa umekwisha. Tulipomuuliza alijibu, "Hizo ni karatasi tu. Kwani alikuwa mwalimu?"

Tulizunguka soko zima, Mama. Tulipata kurasa sita.

Tulikuwa tumezianika mezani zipigwe hewa pale mkewe Ndululu, Mbinya, alipokuja kutupa pole. Alisoma moja, akaufuata mwandiko kwa kidole. Akaenda kwake, akarudi na barua kumi na moja alizotumiwa na Ndululu kule Tulia mwaka wa sitini na nane, akiwa bado msichana kwao. Ndizo zilizomfanya akubali kuolewa naye. Mwandiko ni wako. Miaka hii yote mumewe amemwambia kwamba aliacha kuandika kwa sababu ya macho.

Mbinya alimwita, akamwekea kalamu mezani.

"Leo andika jina langu tu."

Ndululu aliishika kalamu, akaitazama, akairudisha chini. Kisha akakiri kwamba yeye alikuwa akija kwako na kusema "msalimie", basi, nawe ukijaza kurasa mbili.

Wewe pia tumekukasirikia kidogo, kwa kumfichia. Lakini yeye hatujamsamehe, wala hatutajifanya tumemsamehe eti kwa sababu leo ni siku ya kukukumbuka. Kalamu yako ilimpa mke, naye akaitoa kwa ugoro. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Yeyote mwenye ukurasa wa wino wa buluu uliofungiwa ugoro Kasikeu, autuletee, hata ukiwa umechanika.

Unakumbukwa na mumeo Mulei, wanao Nzuki, Kalunde na Mutunga, wajukuu wote, na Mbinya, aliyeomba jina lake liandikwe hapa peke yake, bila la mume.

Hatutakusahau, Mama. Na safari hii tumeandika wenyewe.