Akina Charo Niliowafuta

Hawe wangu, mama mzaa baba,

Tumeshindwa kesi ya shamba. Nakuandikia nikijua hukusoma hata herufi moja maishani mwako, lakini hasira zangu hazina pengine pa kwenda.

Unakumbuka hapa Mishomoroni, ukisuka makuti huku ukinitajia mababu? Kazungu wa Charo, Charo wa Kazungu, Kazungu wa Charo, mpaka yule wa kwanza aliyefyeka msitu. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu, ndiyo maana ukaniita mume wangu, nami nikaona haya mbele ya wenzangu. Nilikuwa nimeanza skuli na kichwa kimenivimba. Nikakwambia mwalimu amesema historia ni mambo yaliyopita, na kila jambo lina mwaka wake. Ulicheka hadi ukuti ukakuponyoka.

"Yamepita yakaenda wapi, mume wangu? Babu yako yuko hapo nyuma ya nyumba. Kamwamkie."

Sikwenda. Nilikaa nikayaandika majina kwenye daftari, na nilipoyasoma nikaona bibi wa watu amezeeka, anarudia yale yale. Nikachukua raba nikafuta yaliyojirudia, nikabakiza Kazungu mmoja na Charo mmoja. Ukaniuliza kama wote wamo.

"Wote, Hawe," nikakujibu.

Sasa tajiri mmoja wa mjini amekuja na karatasi yake, anasema shamba ni lake. Bwana Shauri, mkubwa wa serikali anayeamua kesi, akataka ushahidi wetu, tena wa maandishi, maana maneno ya mdomo kwake ni hadithi. Nikalitoa daftari kwa maringo. Akasoma, akasema wawili tu, basi sisi ni wageni wa juzi. Nikamweleza kwamba wengine niliwafuta. Akaniuliza ni wangapi.

Nilihesabu kwa vidole nikapotea, Hawe. Mimi ninayewataja wafalme wa Uingereza bila kumeza mate! Nikamgeukia Baba, lakini aliyaacha mambo ya mababu alipobatizwa, akabaki kutazama miguu yake. Wazee waliojua wako huko uliko.

Nimemkasirikia Bwana Shauri, nimemkasirikia mwalimu, na wewe pia nimekukasirikia. Mbona hukunichapa, ukanikalisha chini mpaka nijue? Ulinidekeza mno. Lakini raba niliishika mimi.

Tumepewa muda hadi mavuno. Mahindi tutayabeba. Wewe na babu tutawaacha hapo nyuma ya nyumba, na mwenye shamba mpya hajui hata majina yenu.

Unisamehe ukiweza.

Mjukuu wako, uliyemwita mume.