Magitaa ya Jumamosi

Jumamosi, baada ya isha

Basi wamekiondoa kweli. Alasiri nilifungua redio nikingoja kipindi cha roki ya zamani, zile nyimbo za magitaa za wazungu, nikakuta vijana wanabishana kuhusu mpira. Mtangazaji akasema kipindi kimeisha, wasikilizaji wake wamezeeka.

Marehemu kaka yangu Abdi ndiye aliyenizoesha, tulipokuwa tukileta mbuzi kwa lori kutoka Griftu. Maneno hatukuyaelewa. Yeye aligonga usukani kwa vidole, mimi nikisinzia pembeni. Tangu tumzike, kipindi hicho ndicho kilichokuwa kinamrudisha karibu.

Nilidhani nitaumia. Sikusikia kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Binti yangu Hibo akacheka. "Aabo, redio ni ya nini? Nyimbo zote ziko kwa simu. Huko mbele hakuna redio itakayozipiga."

Nikamweleza. Redio ikipiga, mimi sikuchagua, nimekaa tu na chai yangu. Nikizitafuta mwenyewe kwenye simu, hapo nia ni yangu, na nitaulizwa na Mungu.

"Kumbe shida ni kidole," akasema. "Lete nibonyeze mimi. Dhambi iwe yangu."

Gitaa likaanza. Ulikuwa wimbo ambao Abdi alikuwa akiugongea usukani. Vidole vyangu vikaanza kugonga goti.

Nikamwambia azime. Sikutaka dhambi aibebe yeye.

Akazima bila kubisha, akaenda kuosha vikombe.

Abdi nimemwombea, kama kila siku. Ila leo nilipomwombea, uso wake haukunijia.